Karavani Huchaguliwa kwa Mizani

Miongoni mwa wasomaji wetu wamo wafanyakazi wengi waliohamia Uingereza: wauguzi wa hospitali, madereva wa mabasi, wapishi, walezi wa wazee, wachukuzi wa maghalani. Wengi wao wana watoto wadogo, na watoto hao husoma katika shule ambazo kila mwaka hufungwa kwa majuma sita hivi wakati wa kiangazi. Hapo ndipo swali huingia nyumbani. Baba ana likizo, mama ana likizo, watoto wamechoshwa na kuta za nyumba ya ghorofa, na vyumba vya hoteli pwani kwa watu watano vyataka fedha ambazo mshahara hauna. Jirani Mwingereza ameegesha mbele ya nyumba yake kile kinyumba cheupe cha magurudumu kiitwacho karavani. Ijumaa jioni hukifunga nyuma ya motokaa yake na kuondoka, na Jumapili hurudi na watoto waliokwisha kuchomwa na jua. Basi mume na mke huanza kuulizana: Na sisi je?

Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu bila kuzungukazunguka. Familia yenye watoto wadogo yaweza kufaidika sana na karavani. Lakini namna karavani ya kwanza inavyonunuliwa na wengi hatuipendi hata kidogo. Mtu huingia katika uwanja wa muuzaji, hupanda kidato, huona mapazia, taa za rangi na jiko linalong'aa. Watoto huruka juu ya magodoro wakipiga kelele za furaha. Na kabla jua halijatua baba ameweka saini ya mkopo wa miaka mingi. Hakuuliza kitu hicho kina kilo ngapi. Hakuuliza kama motokaa yake ina nguvu na ruhusa ya kukikokota. Sisi twasema kwamba jambo la kwanza ni uzito, la pili ni mahali watoto watakapolala, la tatu ni unyevu uliomo kutani. Urembo na uje mwisho, na huo mkopo usije kabisa.

Wapo watakaoshangaa kuona ukurasa wa wafanyakazi ukishughulika na vyombo vya starehe. Twawaomba watazame vitu hivi vilikotoka. Waroma na watu wa maonyesho walikuwa wakiishi katika magari ya farasi tangu karne ya 19, na hakuna aliyewaita matajiri. Tajiri alikuja baadaye. Mwaka 1885 daktari mmoja mstaafu wa jeshi la majini, William Gordon Stables, aliundiwa mjini Bristol gari la fahari la kukokotwa na farasi, akalizungusha nchi nzima kwa kujifurahisha. Mwaka 1907 ikaundwa klabu ya wenye karavani, na wanachama wake wa kwanza walikuwa watu wenye nafasi. Mwaka 1919 kampuni ya Eccles ya Birmingham ikaanza kuunda karavani za kukokotwa na motokaa. Wakati wote huo mfanyakazi wa kiwandani alikuwa akitazama tu, kwa kuwa siku asiyofanya kazi ilikuwa ni siku asiyolipwa. Ni mwaka 1938, baada ya madai ya muda mrefu ya vyama vya wafanyakazi, ndipo Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya likizo yenye malipo. Baada ya Vita vya Pili akatokea Sam Alper na karavani zake za Sprite, akakusudia kuziuza kwa bei ambayo familia ya kipato cha kawaida ingeimudu. Hata leo zikiundwa, huundwa na mikono ya wafanyakazi, hasa katika mji wa Hull na vitongoji vyake, na huko Consett, mji uliopoteza kiwanda chake cha chuma mwaka 1980. Kwa hiyo mfanyakazi anayenunua karavani haigi watu wakubwa. Anatumia likizo ambayo wenzake waliigombea. Sheria ya Uingereza leo yampa siku 28 za kazi kwa mwaka akiwa anafanya kazi siku tano kwa juma. Sheria yetu ya mwaka 2004 nayo yataja siku 28, ila hizo zetu huhesabiwa mfululizo, Jumapili zikiwamo.

Tuje kwenye uzito. Kila motokaa ina uzito wake ikiwa tayari kwa safari na haina abiria wala mizigo, nao umeandikwa katika kitabu cha kiwanda. Karavani ina uzito wa namna mbili, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Wa kwanza ni ule ilio nao inapotoka kiwandani. Wa pili ni uzito wa mwisho, ambao karavani haina ruhusa ya kuupita ikiwa imekwisha kupakiwa; huu huandikwa juu ya kibamba, aghalabu karibu na mlango. Muuzaji hupenda kuutaja ule wa kwanza kwa sababu ni mdogo. Mnunuzi sharti aushike ule wa pili. Vilabu vya wenye karavani na chama cha waundaji vimeshauri kwa miaka mingi kwamba mtu anayeanza asikokote karavani ambayo uzito wake wa mwisho wapita asilimia 85 ya uzito wa motokaa yake. Motokaa ya kilo 1,500, basi, isikokote zaidi ya kilo 1,275. Huo ni ushauri. Sheria ni ile iliyoandikwa na kiwanda juu ya kibamba cha motokaa yenyewe, kinachoonyesha motokaa na mzigo wake wa nyuma kwa pamoja visizidi kilo ngapi. Kama kibamba hakina nambari hiyo, motokaa haikuundwa ili ikokote kitu, hata fundi wa mtaani akisema ataichomelea chuma kwa bei nafuu.

Tofauti baina ya uzito wa kiwandani na uzito wa mwisho ndiyo haki ya familia ya kupakia. Tuseme ni kilo 150. Mtu atasema hizo ni nyingi, ni mifuko mitatu ya saruji! Na tuhesabu. Ile mashine ndogo ya umeme inayosogeza karavani kambini bila motokaa ina kilo 30 hivi. Betri ina kilo 20 na zaidi. Hema la ubavuni pamoja na nguzo zake laweza kufika kilo 25 au 30. Mtungi wa gesi uliojaa, hata ule wa kadiri, wakaribia kilo 15. Viti vya kukunja na meza ni kilo 15 nyingine. Zimekwisha kupita kilo 100, na mama hajafungasha sufuria, wala unga, wala mchele. Hakijaingia kitanda cha mtoto mchanga, wala kigari chake, wala baiskeli mbili ambazo watoto wameapa hawaendi popote bila hizo. Familia yenye watoto wadogo hubeba vitu vingi kuliko wazee wawili waliostaafu, na haifai inunue karavani iliyokusudiwa wazee wawili waliostaafu. Karavani iliyo nyepesi kiwandani na yenye haki kubwa ya kupakia yafaa kuliko ile iliyojazwa oveni, friji kubwa na redio za kila pembe, kisha ikaachiwa kilo 100 tu kwa ajili ya binadamu.

Wenye motokaa za umeme na zile za mseto twawaonya wasome kwa makini zaidi. Baadhi ya motokaa hizo hazikuidhinishwa kukokota kabisa, nyingine zimepewa kiasi kidogo, na zile zenye nguvu ya kutosha hupoteza sehemu kubwa ya masafa yao, mara nyingi karibu nusu, mara karavani inapofungwa nyuma.

Kwa nini twakazana hivi na kilo? Kwa sababu kitu kizito kikikokotwa na kitu chepesi, kitu kizito ndicho kinachoamua njia. Karavani iliyopakiwa vibaya huanza kuyumba kulia na kushoto, kila mara kwa upana zaidi, mpaka mkia unamwongoza mbwa. Huanza lori kubwa linapoipita, au upepo wa ubavuni unapoipiga darajani, au dereva anapoteremka mlima kwa haraka. Dereva asiyejua hukanyaga breki kwa nguvu, na hapo yote mawili huweza kupinduka na watoto wamo. Anayejua huondoa mguu polepole kwenye mafuta, hushika usukani imara ukiwa umenyooka, na kuiacha itulie. Lakini dawa iliyo bora ni ya nyumbani, kabla ya safari. Vitu vizito viwekwe chini sakafuni, juu ya magurudumu au karibu nayo, visirundikwe nyuma. Uzito unaokaa juu ya kiungo cha kukokotea uwe kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa. Kwa karavani ya kilo 1,200 hizo ni kilo 60 hadi 84, mradi zisizidi kiasi ambacho kiwanda cha motokaa kimeruhusu. Mizani ndogo ya kupimia kiungo hicho huuzwa kwa bei ndogo, na yapasa kununuliwa siku ile ile inayonunuliwa karavani.

Juu ya leseni pia twataka kusema. Hatuna haja ya historia yote ya leseni; yatosha kujua kwamba tangu tarehe 16 Desemba, 2021, mtu mwenye leseni ya kawaida ya motokaa iliyotolewa Uingereza ameruhusiwa kukokota hadi kilo 3,500 bila mtihani mwingine. Wengi walifurahi. Sisi twafurahi nusu. Ruhusa ni karatasi, haimfundishi mtu kurudi nyuma kwa karavani katika kona nyembamba huku mtoto analia kiti cha nyuma. Vilabu hutoa mafunzo ya siku moja au mbili, na ada yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya ubavu mmoja wa karavani uliobomolewa na nguzo. Na yule anayeendesha kwa leseni ya nyumbani akumbuke kwamba haimfai kupita miezi 12 tangu awe mkazi wa huko. Mwendo nao una mpaka wake: maili 60 kwa saa katika barabara kuu za njia nyingi, maili 50 katika barabara za kawaida za nje ya miji, na pale penye njia tatu au zaidi za barabara kuu, anayekokota hana ruhusa ya kuingia njia ya kulia kabisa. Kama karavani ni pana kuliko motokaa, na karibu zote ni pana, vioo vya nyongeza ni lazima.

Na watoto? Watoto hukaa ndani ya motokaa, katika viti vyao vya usalama, mpaka watimize miaka 12 au urefu wa sentimita 135. Twajua desturi yetu ya kupakia watoto popote penye nafasi, na mtu atasema magodoro yamo humo, waacheni walale njia nzima. La hasha! Karavani inayokokotwa haipandwi na mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Sheria yakataza, na mtu aliyewahi kuona karavani iliyopinduka hatahitaji kusomewa sheria.

Basi tuingie ndani. Wauzaji huhesabu vitanda: vinne, vitano, sita. Hesabu hiyo yahitaji kutazamwa mara mbili. Karavani ya vitanda sita haileti viti sita katika motokaa, wala haiongezi kilo za kupakia. Tena, vingi katika vitanda hivyo si vitanda mchana. Ni meza na viti vinavyogeuzwa kila jioni na kurudishwa kila asubuhi. Mtu asiye na watoto haoni shida. Lakini fikirini familia iliyofungiwa ndani na mvua, na mvua ya huko haina msimu. Saa moja ya jioni mtoto wa miaka mitatu ataka kulala. Kitanda chake ni meza. Juu ya meza kuna chakula cha baba aliyefika sasa hivi kutoka kuoga. Meza ikibomolewa wakubwa hawana pa kukaa. Isipobomolewa mtoto analia. Juma zima huendelea hivyo, na mwisho wa juma mume na mke hawasemezani.

Kwa ajili hiyo twapendelea bila kusita karavani zenye vitanda vya watoto vilivyojengwa moja kwa moja, kimoja juu ya kingine, kama deka za mabwenini, na pazia mbele yake. Watoto hulala wakati wao, wakubwa hubaki na meza yao na chai yao. Mtoto akiugua mchana ana pa kulala. Karavani hizo huwa ndefu kidogo, na kitanda cha wazazi aghalabu ndicho cha kugeuzwa kila usiku. Lakini bora wageuze watu wazima kuliko kumgeuza mtoto. Ushauri wa usalama juu ya vitanda vya ghorofa ni kwamba mtoto wa chini ya miaka sita asilale cha juu, kwa hiyo familia yenye watoto wawili wadogo sana ijue kwamba kitanda cha juu kitakuwa kabati la nguo kwa muda. Mapazia yawe mazito. Mwezi wa Juni jua la huko huzama saa tatu usiku na kupita, na mtoto aliyezaliwa Tandale au Manchester hawezi kuaminishwa kuwa ni usiku wakati kweupe.

Mlango nao utazamwe. Karavani zilizoundwa Uingereza hufunguka upande wa kushoto, yaani upande wa kando ya barabara. Nyingi zilizoletwa kutoka Ujerumani na bara la Ulaya hufunguka kulia, kwa kuwa huko hupita kulia. Mtoto akifunguliwa mlango mahali pa kupumzikia kando ya barabara, hutua upande wa magari. Twaona karavani ya namna hiyo, hata ikiwa rahisi na nzuri, haifai kwa mwenye watoto wadogo. Na jiko likiwa karibu sana na mlango, sufuria ya maji ya moto itakuwa njiani kwa kila mtoto anayeingia mbio.

Sasa tuseme habari ya jiko la mkaa, na hapa twawaomba wasomaji wasitucheke. Watu wetu hawaendi matembezi bila nyama choma. Mvua ikianza, mtu huvuta jiko lake chini ya hema la ubavuni. Baridi ikizidi usiku, husema makaa yamekwisha kufifia, tuyaingize ndani yatupe joto. Mkaa uliofifia ndio ulio hatari. Hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala moshi, na aliyelala haamki. Huko Uingereza familia zimepotea kwa namna hiyo katika mahema na karavani, wakubwa kwa watoto. Jiko la mkaa lisiingizwe karavanini, wala hemani, likiwaka au limezimwa. Ndani ya karavani kuwe na kengele ya kugundua hewa hiyo na kengele ya moto, na yale matundu madogo ya hewa sakafuni na darini yasizibwe kwa matambara kwa sababu ya baridi. Yaliwekwa kwa makusudi.

Wengi wa wasomaji wetu watanunua karavani iliyokwisha kutumika, nasi twawaunga mkono. Mpya hupoteza thamani upesi, na watoto wadogo hawajali kuandika ukutani kwa kalamu kama ukuta ni wa mwaka huu au wa mwaka juzi. Lakini katika iliyotumika adui ni mmoja: maji. Karavani nyingi za zamani zina mifupa ya mbao ndani ya ngozi ya bati. Gundi ya maungoni ikizeeka, maji huingia kidogo kidogo, mbao huoza, na nje hakuonekani kitu. Rahisi huvunja upishi, na hapa huvunja ukuta mzima. Mnunuzi anuse anapofungua mlango. Abonyeze kwa kidole gumba pembe zote, chini ya madirisha, ndani ya makabati ya mbele. Atembee sakafuni polepole. Sakafu inayobonyea au kulia kama biskuti ina ugonjwa. Kisha amlete fundi aliyesajiliwa, asiyehusiana na muuzaji, mwenye kipima unyevu. Kipimo cha chini ya asilimia 15 ni cha kawaida, baina ya 15 na 20 chataka kuangaliwa, na zaidi ya 20 chataka matengenezo, ambayo gharama yake huweza kupita bei ya karavani. Matairi yasomwe pia: nambari nne ubavuni mwa tairi hutaja juma na mwaka, hivyo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la karavani huzeeka kwa kusimama, si kwa kwenda. Inashauriwa libadilishwe likifika miaka mitano, na lisipite saba, hata likiwa na meno yote.

Jambo jingine la karavani ni kwamba haisajiliwi na serikali kama motokaa. Nambari iliyo nyuma yake ni ya motokaa inayoikokota. Kwa hiyo mwizi aweza kuiuza kwa urahisi. Tangu mwaka 1992 waundaji wa huko wana daftari lao, liitwalo CRiS, na nambari ya tarakimu na herufi 17 huchongwa katika vioo vya madirisha. Mnunuzi ailinganishe nambari ya kila dirisha na ile ya hati, na aulize katika daftari hilo kama karavani imeibwa au ina deni la mtu. Ainunue nyumbani kwa muuzaji. Biashara inayofanyiwa katika uwanja wa maegesho ya duka, kwa fedha taslimu, jioni, hatuhitaji kuieleza.

Tumesema mkopo usije kabisa, na twajua neno hilo litawaudhi baadhi. Watatuambia: tusipokopa tutasubiri mpaka watoto wakue. Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano wa kubuni tu. Mtu amenunua kwa pauni 9,000 na baada ya miaka mitano ameuza kwa 5,000; amepoteza 800 kila mwaka. Bima, matengenezo ya mwaka, na mahali pa kuiegesha, maana nyumba nyingi za wafanyakazi hazina uwanja na nyingine hati zake zakataza karavani, vyote kwa pamoja tuseme ni 1,000. Jumla ni 1,800 kwa mwaka. Akilala humo usiku 20, kila usiku umemgharimu pauni 90, na hajalipa ada ya kambi wala petroli. Akilala usiku 45, ni pauni 40. Ongezeni riba ya mkopo juu ya hapo, ndipo mjue kwa nini hatuutaki. Kila familia na ihesabu kwa unyofu usiku ilizo nazo. Shule za England hutoza faini wazazi wanaowatoa watoto masomoni bila ruhusa, na tangu Agosti 2024 faini hiyo imekuwa pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto. Basi usiku wenu ni wa likizo za shule na wa Jumamosi tu, na mwenye zamu hospitalini hana hata Jumamosi zote.

Kwa hiyo twashauri familia ikodi kwanza. Juma moja la kiangazi, na siku mbili tatu za mwezi Oktoba wakati wa matope. Yule ambaye baada ya Oktoba bado aitaka karavani, aitaka kweli.

Tumesikia pia shauri la familia mbili au tatu kununua moja kwa ushirika. Roho ya shauri hilo twaipenda, na kwa familia mbili zinazojuana laweza kufaa. Lakini wote watataka Agosti. Mkataba uandikwe, zamu ziandikwe, matengenezo yaandikwe, bima itaje majina ya wote watakaoikokota, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Familia tatu ni nyingi mno kwa godoro moja.

Siku ya kwenda kuitazama, chagueni siku ya mvua kubwa, na mwende na watoto. Waingizeni ndani wote, pamoja na makoti na viatu vyao. Fungeni mlango, kaeni nusu saa, chemsheni chai. Walazeni watoto katika vitanda vyao, mtazame kama miguu ya mkubwa inafika, maana mwakani itakuwa mirefu zaidi. Tazameni maji yanatiririka wapi juu ya madirisha. Muuzaji mwenye karavani nzuri hatakuwa na haraka. Na yule atakayewahimiza kwamba kuna mtu mwingine anakuja saa kumi, mwacheni amuuzie huyo wa saa kumi.